Bwato wa alumini katika mji wa shaba

Jumamosi ile majirani wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, walijipanga kwenye ukuta wangu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Trela ilikuwa uani, juu yake bwato, yaani boti, ya alumini ya mita 4.2, na kijana wangu alikuwa anaijaza maji kwa ndoo kutoka kisimani. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara alishindwa kuvumilia: "Papa, bantu banatosha mayi mu bwato, weye unatia!" Nikamwambia natafuta pale maji yanapotaka kutokea. Akatikisa kichwa, akaenda kuwaita wengine.

Maji tuliyasimamisha kwenye kina cha sentimita tano. Ukijaribu nyumbani kwako usizidishe. Sakafu ya boti hii ina karibu mita nne za mraba, kwa hiyo sentimita tano tayari ni kilo 200, kumi ni kilo 400, na trela nyingi za kwetu zimeungwa na fundi ambaye hakuwaza jambo hilo. Kisha nikalala chali chini ya tumbo lake, tochi mdomoni, chaki mkononi, nikangoja. Tone la kwanza lilichukua kama dakika kumi kujikusanya. Likaning'inia kwenye kichwa cha riveti, ile pini inayounga mabati, likanenepa, likaniangukia shingoni. Nikalizungushia chaki. Hadi saa sita mchana nilikuwa na miduara tisa.

Saba kati yake ilikuwa kwenye riveti, na hilo halishangazi kwa boti ya umri huo. Miwili ilikuwa katikati ya bati zima, mbali na kiungo chochote, kwenye vitundu vyembamba kama ncha ya sindano. Hivyo havikutoka kiwandani wala havikutokana na jiwe. Aliyevitoboa ni mimi, fundi umeme wa miaka kumi na tisa, kwa kitu ambacho kila siku nawakataza wanafunzi wangu.

Nitafika hapo. Nianze na mti.

Mjomba wangu anavua Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele. Mtumbwi wake alirithi kwa baba yake, nkambo wangu, aliyeuchonga kutoka gogo moja la mulombwa. Ulidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Ulipopasuka mara ya mwisho hapakuwa na mulombwa wa kuuchonga mwingine. Ukitaka kujua kwa nini, panda basi la kwenda Likasi uhesabu magunia ya makala, yaani makaa, pembezoni mwa barabara mpaka uchoke. Miombo ya huku imekwishia kwenye mbabula, majiko ya makala, za Lubumbashi, zikiwemo za nyumbani kwangu. Bonde la mto Lufira liliandikwa na UNESCO kuwa hifadhi ya biosfera mwaka 1982, lakini shoka halisomi. Gogo la upana wa kumkalisha mtu mzima sasa linatoka mbali sana, na likipatikana linauzwa kwa bei ambayo mvuvi wa nyavu tatu haiwezi.

Mjomba akajaribu mtumbwi wa mbao za kuunga. Kila kiangazi mbao zilikauka zikaachana, kila masika zilivimba zikasukumana, na yeye kila asubuhi alitumia nusu saa kuziba nyufa kwa nyuzi na lami. Siku moja alinipigia simu kuniambia mguu mmoja umepita sakafuni. Hakuwa analalamika. Alikuwa anacheka, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Asiyelijua Tshangalele anaweza kudhani maji madogo ni maji mepesi. Ziwa hili lilitengenezwa na watu: Lufira ilizuiwa pale Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni. Kwa hiyo chini ya maji kuna nchi ya zamani iliyolala na visiki vyake na vichuguu vyake. Ni pana, lakini mahali pengi upondo unagusa chini. Maji yanapanda na mvua na kushuka na kiangazi, na kichuguu ulichokipita juu mwezi wa Aprili bila kukijua, Oktoba kinakungoja kiganja kimoja chini ya uso wa maji. Vichuguu vya Katanga ni vigumu; udongo wake ndio tunaochomea matofali ya nyumba zetu. Kwenye ziwa Mweru au ziwa Tanganyika boti inapigana na mawimbi. Kwetu inapigana na ardhi. Nilipoanza kutafuta boti sikuangalia omo lake wala rangi yake wala jina lililoandikwa ubavuni. Niliangalia tumbo.

Mjomba mwenyewe hakutaka. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliishika mbali na uso, akasema: "Mwipwa, mti ikijaa mayi inaelea. Ile sahani yako ikijaa mayi, njo mwisho."

Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mtumbwi wa mbao ukipinduka, mvuvi anaushika mkia na kusubiri. Alumini ina uzito wa kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, karibu sawa na jiwe la graniti. Kinachoielesha ni umbo lake tu, na umbo likijaa maji linabaki jiwe. Ndiyo maana chini ya viti vya boti hizi hufungiwa sponji ngumu isiyoonekana. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu kwenye karatasi ya nyuma ya fakitire, yaani ankara, ya mteja. Boti ya kilo 90 ikifunikwa kabisa na maji, maji yenyewe yanabeba kilo 33. Zinazobaki, 57, lazima zibebwe na sponji, na lita moja ya sponji inabeba karibu kilo moja. Ongeza injini, ongeza batri, ongeza watu wawili walioshikilia ukingo kwa hofu, utaona kwamba chini ya lita 120 mjomba ana haki ya kukataa.

Sponji hiyo ndiyo iliyoniokoa na boti ya kwanza niliyoipenda. Ilikuwa mtaa wa Kampemba, nyuma ya duka la vipuri, imepita mpaka wa Kasumbalesa juu ya lori la mahindi. Kibao chake kilisema kilo 95. Tuliinyanyua watu wanne na mmoja wetu akauliza kama kuna mtu amelala ndani. Tukaipeleka kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, mtaa wa pili: kilo 148. Kilo 53 zilitoka wapi? Sponji ikizeeka inapasuka vijishimo vyake na kunywa maji, na ikishakunywa haiyatapiki. Boti ya namna hiyo inabeba chini ya viti maji yaleyale iliyopaswa kuyakimbia. Muuzaji alisema ni uzito wa ubora.

Boti ya pili ilikuwa ya kijani, imepakwa rangi juzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa imetembezwa gereji tatu kabla ya kunifikia. Alumini haihitaji rangi. Ikiachwa tupu hewani inajivika yenyewe utando mwembamba wa oksidi, na ukiukwangua unarudi papo hapo. Huo ndio ulinzi wake wote. Mtu akiipaka rangi mpya siku chache kabla ya kuiuza, uliza kuna nini chini. Niliingiza mkono chini ya kiti cha mbele, mahali brashi isipofika, nikakwangua kwa ufunguo. Ikatoka puti ya gari, ile ya kuzibia matundu.

Ya tatu ilikuwa nzuri mno. Iliachwa na mtaalamu mmoja wa migodi aliyekuwa anarudi kwao: mita tano, bati la milimita tatu, imechomelewa yote, hakuna riveti hata moja. Niliizunguka kama anayeposa. Ila ilikuwa na zaidi ya kilo 250 bila injini. Kapolowe hakuna gati. Boti inavutwa matopeni kwa mikono ya mjomba, binamu yangu na yeyote anayepita. Na iko shida nyingine, ya kuchomelea, ambayo inastahili kuelezwa taratibu kwa sababu watu wengi hapa mjini wanaumia nayo.

Fundi wetu wa sudure ni hodari wa chuma. Chuma kikipata moto kinakwambia: kinakuwa chekundu, kisha cha machungwa, kisha cheupe, nawe unajua lini uache. Alumini haibadilishi rangi. Inakaa vilevile, kijivu, tulivu, kisha inaanguka chini mara moja. Yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ule utando wake wa oksidi unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo ndani kumekwisha kuwa uji na juu bado kuna ngozi, na mwenye vijiti vya chuma anaongeza moto ili aione ikiiva. Nimeshuhudia tundu la ukubwa wa haragwe likifanywa la ukubwa wa ngumi ndani ya dakika moja, na fundi akimlaumu mwenye boti. Kazi hiyo inataka mashine ya gesi ya argoni na mkono uliofundishwa. Lubumbashi wapo, hasa wanaotengeneza matangi ya malori ya mafuta, na bei yao inalingana na malori ya mafuta. Kapolowe hawapo.

Tena uwakimbie wale watakaokwambia kiraka kinaweza kumiminwa kwa wafua masufuria. Nawaheshimu sana, sufuria zetu zote za bukari, ugali wetu, zimetoka kwao, lakini wanayeyusha chochote kinachokuja: pistoni, vifuniko vya injini, fremu za madirisha. Mchanganyiko huo una silikoni na shaba ndani yake. Kwa sufuria unafaa. Kwenye tumbo la boti linalopigwa na kichuguu utapasuka kama biskuti.

Basi nikanunua ya nne. Riveti tupu, mita 4.2, upana wa sakafu mita 1.2, sakafu bapa isipokuwa mbele ambako imebanwa kidogo ili ikate maji. Dola 1,400 na trela, baada ya siku tatu za kusema bei ya mwisho. Ina bati la milimita mbili. Nililipima mwenyewe kwa kipimo cha kubana, kwenye tundu la kutolea maji la nyuma, mahali pekee ambapo ukingo wa bati uko wazi na hauwezi kudanganya.

Ule unene nilioupigania una hesabu yake. Mita moja ya mraba ya alumini yenye unene wa milimita moja ina uzito wa kilo 2.7. Boti ya ukubwa wangu ina bati la mita tisa za mraba hivi. Zile nyepesi zinazouzwa kwa mtu wa kuvua Jumapili zina milimita 1.3, yaani kilo 32 za bati. Zenye milimita mbili zina kilo 49. Tofauti ni kilo 17, uzito wa mtoto anayeanza shule ya chekechea. Lakini ugumu wa bati dhidi ya kupindwa unakua kwa kasi kuliko unene wake. Ukizidisha unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Kutoka 1.3 hadi 2 unapata zaidi ya mara tatu na nusu. Kwa kubeba mtoto mmoja wa ziada, unapata tumbo ambalo kisiki kinalibonyeza badala ya kulitoboa. Kwangu huo ni ununuzi wa bei rahisi kuliko yote.

Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, nayo si jambo la kupuuza. Kwenye karatasi au kibao utafute namba inayoanza na tano: 5052, 5083, 5086. Hizo zimetiwa magnesiamu na zinavumilia maji. Kwa mataruma na ukingo wa juu utaona 6061, ni sawa. Mtu akikusifia bati la ndege, 2024, mwambie asante na uende zako. Lina shaba karibu asilimia nne, linazishinda hizo zote kwa nguvu likiwa kavu, na maji yanalila.

Riveti zina sifa mbaya kwa watu wa mjini kwa sababu zinavuja. Zinavuja kweli. Lakini zinavuja kwa adabu, moja moja, na unazirekebisha kwa nyundo. Saba zile za Jumamosi tulizitoa na mjomba siku mbili baadaye. Alikuwa amekuja mjini kwa matibabu ya macho, akakataa kulala wakati bwato wake unapigwa. Mimi nilikuwa nje na nyundo. Yeye ndani amechuchumaa, ameshika kichwa cha shoka kimebanwa juu ya riveti kiwe fuawe. Napiga, anasukuma. Hatukuonana, tulisikilizana tu. Pigo la kwanza linalia pana, ting, kwa sababu riveti bado inacheza tunduni. La tatu au la nne linakuwa fupi na zito, na hapo anasema "imekamata" kabla mimi sijajua. Nilimwuliza amejuaje. Akasema shoka limeacha kumwasha kiganja.

Riveti ziwe nzima, za alumini. Zile za bomba wanazotumia mafundi wa madirisha, unazibana kwa koleo tik-tik na zimekwisha, zina tundu katikati na kipini cha chuma kinachobaki ndani kikashika kutu. Zinafaa dirishani. Na kabla ya kuipiga, ipake gundi ya poliurethani. Silikoni ya bafuni inayonuka siki uiache dukani. Ile harufu ni asidi, na asidi hiyo inaanza kula kiungo kabla boti haijaona maji.

Nyuma, kwenye tezi, kuna ubao ambao injini inaning'inizwa. Mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa na bati, na ndiyo inayooza kwanza. Shika injini juu, iyumbishe kwako na mbele. Ukiona bati linapumua, ubao umekwisha. Fundi mmoja alitaka kuniwekea mpya wa mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani kidogo. Nikamwuliza dawa hiyo imetengenezwa na nini. Shaba.

Ndiyo, tumefika.

Boti ilipofika Kapolowe mjomba alitaka taa, na mpwa fundi umeme hawezi kumnyima mjomba wake taa. Niliweka batri ya volti 12 chini ya kiti cha nyuma. Waya mmoja nikaupeleka kwenye taa. Wa pili, ili kuokoa mita tatu za waya, niliufunga kwenye mwili wa boti, kama tunavyofanya kwenye gari. Na ili upate mshiko mzuri nikaukaza juu ya kipande bapa cha shaba, kilichobaki kwenye kazi ya kabati la umeme, nikakifunga sakafuni kwa bolti mbili za shaba ya njano. Kilipendeza. Nilikipiga picha.

Mahali pale maji ya nyavu yanatuama. Nami najua, naapa kwamba najua, shaba na alumini vikilowa pamoja vinafanya nini. Kwenye nguzo nyingi mjini hapa, waya wa juu ni wa alumini na ule unaoshuka nyumbani ni wa shaba, na hatuviunganishi mpaka tuwe na kiungo cha bimetali, upande mmoja alumini, upande wa pili shaba. Mwanafunzi akisahau namkaripia mbele ya mteja. Hata ile njia kuu ya umeme iliyokamilika mwaka 1982 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700 kukatiza nchi ili migodi ya shaba ipate moto, nyaya zake ni za alumini. Nimewahadithia wanafunzi kichekesho hicho mara nyingi. Kisha nikaenda Kapolowe nikafanya nilichofanya, kwa sababu lilikuwa "bwato tu".

Nilipong'oa kile kipande Jumamosi ile, chenyewe kilikuwa kizima, hakina kovu. Pembeni yake palikuwa na ungaunga mweupe. Nikausugua kati ya vidole: mlaini, unateleza, kama unga wa bukari uliochekechwa mara mbili. Ule unga ulikuwa boti yenyewe. Chuma kikila kutu kinakupigia kelele kwa wekundu. Alumini inakwisha kwa weupe, na mtu anadhani ni vumbi. Nikapuliza, nikaona mwanga wa tochi ukipita chini kwa matundu mawili.

Metali hizi mbili zikigusana majini zinafanya batri, na katika batri hiyo alumini ndiyo inayotoa kila siku na shaba ndiyo inayokaa imekula imeshiba. Maji ya ziwa hayapitishi umeme kama ya bahari, kwa hiyo madhara hayaendi mbali. Yanachimba palepale pembeni ya mguso. Hilo linaokoa boti na linaua sakafu. Mimi niliongeza na umeme wa taa kupita mwilini, nikawa nimefanya dhambi mbili kwa bolti mbili.

Baada ya hapo nilianza kuona shaba kila mahali, na katika mji huu iko kila mahali. Bomba lililobaki kwenye jengo, waya uliopotea kwenye mfuko wa zana, sarafu ya zamani, komeo la shaba ya njano. Mtu anaidondosha, inateleza chini ya ubao wa sakafu, inalala kwenye matope mwaka mzima. Hata ziwa lina yake: Lufira inapokea maji ya upande wa Likasi, mji wa viwanda vya shaba na kobalti, na shaba iliyoyeyuka majini ikikutana na alumini inajibandika juu yake na kuanza vishimo vidogo. Kwa hiyo boti ya mjomba sasa inaoshwa kwa maji safi inapotoka ziwani na inafunikwa kichwa chini, juu ya magogo, ipate kukauka. Haisuguliwi kwa majivu. Wake wa wavuvi walitaka kuing'arisha kama sufuria, nikawaomba sana: majivu ni makali kwa utando wa alumini kuliko yanavyoonekana. Nguo mbichi na majani yaliyooza pia hayalali ndani.

Vitundu vyangu viwili nilivifunika kwa kiraka cha bati la 5052 ukubwa wa kitabu cha sala, gundi chini, riveti kumi na mbili pembeni. Batri imewekwa kwenye sanduku la plastiki, nyaya zote mbili zinatoka humo na kurudi humo, zikiwa na fyuzi, na hakuna hata moja inayougusa mwili. Bolti zilizobaki ni za chuma kisichoshika kutu, kila moja na wosha ya nailoni. Nyuma nimefunga kipande cha magnesiamu kiliwe badala ya boti. Watu wa baharini hutumia zinki, lakini kwenye maji yasiyo na chumvi kama yetu zinki inajifunika na kulala usingizi.

Kuhusu injini sina mengi. Nguvu farasi nane zinatosha. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, na injini inapoteza kama asilimia tatu kwa kila mita 300, kwa hiyo nane za kwenye karatasi ni saba za Kapolowe. Nunua pini nyingi za kukatikia za rafadha, kwa ajili ya visiki.

Kelele ndiyo lalamiko lililobaki. Kafi likigonga ubavu, ziwa zima linasikia. Wavuvi wa upande wa Luapula wana uvuvi wa kuyapiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, wanauita kutumpula. Binamu yangu anasema sisi tumenunua kutumpula cha dola 1,400. Mjomba amekata vipande vya mpira wa tairi akavifunga ukingoni kwa kamba. Bora ya hapo sijaona. Asubuhi za Juni anaweka gunia kitini kwanza, kwa maana alumini ya saa kumi na moja alfajiri, kwa baridi ya huku, inamwingia mtu mpaka kwenye meno.

Kuhusu kuzama, alitaka kuona kwa macho yake. Tuliisukuma mpaka maji ya kifuani, tukaijaza kwa ndoo, injini ikiwa juu yake. Ilishuka, ikashuka, ukingo ukabaki sawasawa na maji, ikatulia. Mjomba akaupandia ubavuni kwa tumbo kama mtoto. Ikamkubali. Hakusema kitu, alidai ndoo tu tuanze kuyatoa.

Nilipomweleza habari ya shaba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akautazama mkono wake wa kushoto. Anavaa bangili ya shaba ya baridi yabisi, miaka mingi sasa, imemwachia alama ya kijani kwenye kifundo. Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kupanda bwato, anaivua na kuitundika kwenye msumari wa mwembe ulio kando ya maji, na jioni anaivaa tena. Bangili iliyo mkononi mwa mtu haiwezi kuidhuru boti. Sijamwambia.